Mahari Iliyokubaliwa Usingizini

Nimeona watu wakisinzia kanisani. Nimeona watu wakisinzia msibani, hata mfiwa mwenyewe.

Lakini wakwe kulala katikati ya kikao cha mahari, tena wao ndio wanaodai, hilo nimeliona mara moja tu maishani mwangu.

Ilikuwa Durban, mtaa wa Greyville, mwezi wa saba mwaka 2015.

Na kabla hawajalala, walikuwa wametukubalia kila kitu.

Mimi naitwa Vénérand. Nilizaliwa Uvira, nimezeekea Durban. Mchana nililinda maduka ya watu, jioni nikasoma. Shule ya jioni ilinipa Kiingereza, hesabu, na cheti cha sayansi ya ufundi. Cheti hicho nimekitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kukiona.

Sisemi haya kujisifu. Nayasema kwa sababu cheti kinahusika.

Glody ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Anatengeneza simu katikati ya mji. Alimpenda Mireille, msusi wa saluni ya jirani, na Mireille alimpenda.

Kilichobaki kilikuwa ni shangazi yake.

Mama Constance ndiye aliyemlea Mireille tangu wavuke mpaka. Kwake Greyville ndiko tulikotakiwa kupeleka posa yetu. Na msemaji wake alikuwa Papa Urbain, mzee ambaye watu wa Durban nzima walimjua kwa jambo moja: aliwahi kuahirisha harusi kwa sababu mbuzi mmoja kwenye picha ya mbuzi wa mahari alionekana ana huzuni.

Msemaji wa upande wetu nilikuwa mimi.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na upepo wa baharini ulikuwa unaingia mpaka kwenye magoti. Tukaingia sebuleni kwa Mama Constance, tukakuta joto zuri sana. Ukutani palikuwa na hita ya gesi, ya zamani, iliyojengwa pamoja na ghorofa lenyewe. Dohani yake, bomba la kutolea moshi, ilipanda ndani ya ukuta hadi juu ya paa. Mtungi ulikaa nje, roshani. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, na mwenye hita ya gesi alijiona ametoka kwenye shida.

Papa Urbain akaamuru madirisha yote yafungwe.

Hakusema ni kwa sababu ya baridi. Alisema maneno ya mahari hayatoki nje, na ghorofa lile lina masikio kuliko watu. Akachukua taulo, akaliziba pengo lililo chini ya mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Kwetu kijana mwenyewe haingii kwenye kikao. Glody akabaki koridoni, akisubiri kuitwa. Mireille alikuwa chumbani, mlango umefungwa, naye akisubiri kuitwa. Jikoni Mama Constance alikuwa anakaanga makayabu, samaki wetu wale wa chumvi, na feni ya jikoni inanguruma kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti.

Sisi tulikuwa tumekuja na vinywaji, kama desturi inavyotaka. Wenyeji wakanywa.

Tukaanza.

Papa Urbain alianza vizuri, yaani vibaya. Alitaja ng'ombe. Akataja mbuzi. Akataja suti ya baba wa binti aliyeko Bukavu, na kiatu cha kuendana na suti, na soksi. Akataja vitenge vya shangazi zake wote, wa upande wa baba na wa upande wa mama, pamoja na mmoja ambaye Mama Constance alipiga kelele kutoka jikoni kwamba alishafariki. Papa Urbain akasema kitenge chake kipelekwe kwa watoto wake.

Nikajibu. Akajibu. Nikanukuu desturi, naye akanukuu desturi nyingine.

Halafu mambo yakaanza kulainika.

Papa Urbain akasema ng'ombe si lazima wawe wote. Baada ya muda akasema ng'ombe, tukiangalia vizuri, ni wanyama tu. Soksi akazifuta. Mbuzi akawasahau, nami sikumkumbusha.

Kichwa changu kilikuwa kinabana kama nimevaa kofia ya mtu mwingine. Nilidhani ni furaha. Sikuwa nimeizoea.

Nikamwambia tunaweza kuleta kidogo tulichonacho.

"Mtupe mnachoweza," akasema Papa Urbain. "Sisi ni ndugu."

Nilimjua mzee huyu miaka mingi. Alikuwa hajawahi kumwita mtu ndugu ila kwa kumtisha.

Tukapeana mikono. Yeye hakuurudisha wake. Aliuacha mkononi mwangu, akaegemeza kichwa begani kwangu, akalala.

Nikatazama. Wazee wawili wa upande wao walikuwa wamelala. Mzee wa upande wetu alikuwa amelala na mdomo wazi. Nilitaka kusimama, miguu ikanikatalia.

Mama Constance akaingia na sinia. Akawakuta watu wote wameinamisha vichwa. Akadhani tunaomba, akainamisha cha kwake.

Hakukiinua tena.

Alishuka taratibu, yeye na sinia na makayabu, na kishindo ndicho kilichomfanya Glody aupige mlango kwa bega. Akatuburuta mmoja mmoja hadi koridoni. Mireille akatoka chumbani, akafungua madirisha, akazima kila kilichokuwa kinawaka.

Koridoni upepo ulikuwa unapita na mvua yake. Watu wakatapika. Watu wakafumbua macho. Mama Constance akakataa hospitali, akataka mchungaji. Leo najua tulipaswa kwenda hospitali wote, hata waliojisikia nafuu, kwa sababu kitu kile hakitoki mwilini kwa kupunga upepo tu. Siku ile hakuna aliyejua kitu kile ni nini.

Au tuseme, kila mtu alikuwa na jibu lake.

Jibu la Mama Constance lilifika kwangu kabla ya giza, kwa simu. Vinywaji vyetu vilikuwa na dawa.

Hoja yake ilikuwa imepangwa kama ya wakili. Tulikuja na vinywaji. Wakanywa. Papa Urbain, mtu wa jiwe, akageuka mkate uliolowa. Wakakubali mambo ambayo mtu mwenye akili zake hawezi kuyakubali. Halafu wakaanguka. Na ni nani peke yake wa upande wetu aliyebaki mzima, amesimama mlangoni, anasubiri? Glody.

Nikamwambia hata mimi nilianguka.

"Papa Vénérand," akasema, "wewe ni mzee. Wewe unaanguka hata bila dawa."

Ndoa hakuna. Mireille angepandishwa basi kwenda kwa mjomba wake Lusaka mwezi ukiisha, na namba ya Glody ifutwe kwenye simu mbele ya mashahidi.

Glody alikuja kwangu akakaa chini ya cheti changu, akaifungua simu yake vipande na kuifunga tena. Kumwona hivyo kuliniumiza kuliko matusi ya Mama Constance.

Hapo ndipo shule ya jioni ilipofanya kazi. Nilikumbuka somo la mwako. Gesi ikiungua inatoa moshi, na ndani ya moshi huo huweza kuwamo kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikijaa chumbani, kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu analala, na asipotolewa haamki. Dohani ipo ili kuitoa. Dohani isipovuta, hita inawapa joto na mauti kwa mpigo mmoja.

Nikamweleza Glody. Akaniuliza kama ninaweza kuthibitisha.

Nikamwonyesha cheti.

Kuthibitisha ni rahisi, nilimwambia. Unawasha hita, unaiacha ipate moto, kisha unasogeza kitu kinachofuka moshi mdogo karibu na tundu lililo chini ya dohani. Moshi ukivutwa juu, dohani inafanya kazi. Moshi ukirudi chumbani, umempata mwizi.

Katikati ya wiki nikaenda Greyville na vijiti vya udi nilivyonunua duka la Wahindi. Mama Constance alikubali nipime ili, kwa maneno yake, aibu yetu ikamilike. Papa Urbain alikuja kama shahidi.

Nilipotoa udi, Mama Constance akasimama kati yangu na hita.

Nyumba yake ni ya maombi. Udi unaita roho. Familia iliyoshtakiwa kwa dawa inaingia na udi, halafu inataka kuuwasha ukutani kwake. Nilikiri moyoni kwamba ukilitazama jambo kutoka pale alipokuwa amesimama, halikuonekana zuri.

Nikapendekeza sigara. Akanitazama mpaka nikaiondoa hoja.

Mwishowe tukakubaliana dawa ya mbu, ile ya kijani iliyoviringwa kama konokono, inayofuka moshi. Hakuna aliyewahi kusikia shetani akiitwa kwa dawa ya mbu.

Umeme ulikuwa umekatika, zamu ya mgao. Tulifungua madirisha ili tuone. Hita ikawashwa, ikapata moto. Nikaisogeza dawa ya mbu kwenye tundu.

Moshi ukapanda. Ulinyooka kama uzi, ukaingia kwenye dohani, ukapotea.

Nikasogeza kushoto. Ukapanda. Nikasogeza kulia. Ukapanda.

Papa Urbain alivaa miwani, akainama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo hita iko safi," akasema.

Nikaizima dawa ya mbu.

"Na ni wewe umetuonyesha. Msomi wenu."

Nilitoka kwangu nikiwa wakili wa Glody. Nikarudi nikiwa shahidi wa upande wa pili.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama basi la Lusaka linaondoka asubuhi au jioni. Nikamwambia aache kuuliza maswali ya basi, sayansi haijamaliza kusema. Kwa kweli ilikuwa imenyamaza kabisa.

Aliyeokoa jambo hili ni Mama Constance, na hakukusudia.

Alipiga simu mwenyewe. Alisema amesikia Glody anaendelea kumwambia Mireille habari za gesi, na binti amekataa kufunga sanduku. Basi anataka maneno yaishe. Jumamosi tuje, watu wale wale, chumba kile kile. Kila kitu kifanywe kama siku ile, ila vinywaji vyetu tuviache kwetu.

"Hita itawaka, madirisha yatafungwa, taulo litakaa mlangoni," akasema. "Watu wasipoanguka, basi ile ilikuwa dawa. Na wewe Papa utakuja kanisani kulisema hilo mbele ya watu."

Lazima niseme ukweli. Nilikaa darasani jioni nyingi, na sikuwahi kusikia jaribio lililopangwa vizuri kama lile.

Nikakubali, kwa masharti yangu. Wazee wenye moyo dhaifu wabaki nje. Mlango usifungwe kwa ufunguo, na Glody asimame nyuma yake. Hatukai kungoja watu waanguke. Tunaangalia moshi wa dawa ya mbu tu, na ukigeuka, kila kitu kinazimwa na kila kitu kinafunguliwa. Mtu asinisome hapa akaenda kuwajaza ndugu zake chumbani ili ajaribu.

Jumamosi umeme ulikuwepo.

Tukaingia. Madirisha yakafungwa, taulo likakaa. Hita ikapata moto. Nikashika dawa ya mbu kwenye tundu, wote wamenikodolea macho.

Moshi ukapanda.

Mama Constance akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Akasema basi, imekwisha, lakini mtu hatoki nyumbani kwake na njaa hata akiwa mchawi. Akaenda jikoni kukaanga makayabu.

Akawasha feni.

Kwanza pazia lilisogea. Pazia la dirisha lililofungwa, likaelekea jikoni lenyewe.

Halafu uzi wa moshi ukatetemeka. Ukasimama. Ukainama, ukatoka kwenye tundu, ukanijia usoni.

Nikaishikilia dawa ya mbu pale pale.

Papa Urbain ndiye aliyesema. "Constance. Zima kile kitu."

Feni ikazimwa. Moshi ukapanda.

"Washa."

Ukarudi chumbani.

"Zima."

Ukapanda. Akaniondoa, akaishika dawa ya mbu mwenyewe, na angeendelea kuamuru washa na zima hadi Jumapili kama nisingezima hita na kumpigia Glody kelele afungue.

Habari ya feni ni hii. Jirani wa mlango wa pili, Bi Kulthumu, mzaliwa wa Durban ambaye babu zake walitoka pwani ya Waswahili na kukaa Bluff, mtaa mwingine wa Durban, hakuipenda harufu ya makayabu. Alilalamika hadi mwangalizi wa jengo akamwonya Mama Constance. Mama Constance si mtu wa kufanya jambo nusu. Alikwenda kwenye mgahawa mmoja wa chipsi uliokuwa unafungwa, akanunua feni yao, akaifunga dirishani jikoni. Feni ya kuhudumia jiko la watu mia, ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Feni ile ilikuwa inatupa hewa nje kwa nguvu zake zote. Hewa ikitoka, nyingine lazima iingie. Dirisha limefungwa, taulo limeziba mlango. Njia iliyobaki wazi ni moja tu, dohani. Basi dohani, badala ya kupandisha moshi, ikawa inaushusha.

Siku nilipopima mara ya kwanza, umeme ulikuwa umekatika na madirisha yako wazi. Kipimo changu kilikuwa sahihi. Kilipima nyumba nyingine tu.

Mama Constance alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo ni samaki wangu," akasema.

"Si samaki, Mama. Ni feni."

"Feni niliinunua kwa sababu ya samaki."

Akaketi. Akamtazama Glody, aliyekuwa bado kwenye mlango. Nadhani ndipo alipokumbuka ni nani aliyembeba koridoni siku ile, na nani aliyefuta samaki kwenye nywele zake.

"Mwanangu," akamwambia, "ingia. Usisimame pale kama mtu wa kudai kodi."

Nilivuta pumzi. Jambo letu lilikuwa limekwisha, na limekwisha vizuri. Nikafungua mdomo ili nipange tarehe ya harusi.

Papa Urbain akainua kidole.

"Papa Vénérand, wewe ni msomi. Hiyo hewa, inaharibu akili?"

Nikamwambia ndiyo, inaanzia hapo. Mtu hawezi kufikiri sawasawa.

"Kwa hiyo siku ile sisi hatukuwa na akili zetu."

Niliona anakoelekea. Nilikuwa nimechelewa kusimama njiani.

"Hamkuwa nazo," nikasema.

"Basi yale makubaliano ni ya gesi. Gesi haina binti." Akavuta kiti karibu. "Tunaanza upya. Ng'ombe."

Tulianza upya pale pale, madirisha yote wazi kwa amri yangu mimi mwenyewe, maana nani angethubutu kuyafunga. Ghorofa zima likasikia. Bi Kulthumu alisimama mlangoni kwake akichangia bila kuulizwa. Nilipopunguza mbuzi, akasema kwa sauti kwamba binti yule ana tabia nzuri na anamsuka mjukuu wake Jannah bure. Mama mmoja wa Kizulu wa ghorofa ya juu akauliza tumefika wapi, akaambiwa, akasema eish, ni kidogo.

Ng'ombe walirudi wote. Mbuzi walirudi na ndugu zao. Suti ikarudi na soksi. Na juu yake likaongezwa jipya: upande wa kijana utaleta fundi wa kuitengeneza nyumba ya shangazi.

Fundi tulimpata, Riaz, mwenye leseni ya gesi. Alikuja na kipimo chake cha umeme kinachosoma sumu hewani, akaniambia kwa heshima kwamba moshi wa dawa ya mbu unaonyesha njia tu, hauonyeshi kiasi. Akakata gesi ya hita mpaka alipoweka tundu la kuingiza hewa na kuibadilisha feni kwa ndogo. Hakuiwasha tena bila kupima, kila kitu kikiwa kimefungwa na feni inanguruma.

Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile ya kikao, tulipokwisha kukubaliana, Glody alinong'ona sikioni mwangu.

"Papa, hukuweza kusema ni gesi ya kuumiza tumbo tu? Isiyofika kichwani?"

Nikamwambia mtu hawezi kuikata sayansi vipande na kuchukua kile kinachompendeza.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze.

Mireille akaitwa. Desturi inataka aulizwe mbele ya wote kama anawajua wageni hawa, na kama vitu vyao vipokewe. Siku ile ya kwanza hatukufika hapo. Wenye kuuliza walikuwa wamelala.

Mama Constance akamuuliza.

Mireille alikwenda kwanza hadi ukutani, akaweka kiganja juu ya hita, akahakikisha ni ya baridi. Akamtazama Papa Urbain machoni, jicho moja kisha jingine, kama daktari.

"Wote mko macho?" akauliza.

Tukasema tuko macho.

"Basi pokeeni."

Niliyoyapata mimi kwenye mkasa huu ni machache. Kama una hita ya gesi yenye dohani, usiipime siku nyumba imetulia, dirisha liko wazi na hakuna anayepika. Ipime ikiwa katika siku yake mbaya: madirisha yamefungwa, feni zote zinazunguka, na hita imewaka muda wa kutosha. Kisha muite mwenye leseni.

Na ukiwa msemaji wa upande wa kijana, na wakwe wakakukubalia kila kitu kwa upole, usishukuru. Fungua dirisha.